Bahari Ndani ya Kioo: Hatari za Kufuga Viumbe wa Maji ya Chumvi Nyumbani

Tangi la samaki wa maji ya chumvi ni chombo cha kioo ambamo mfugaji hujaribu kuiunda bahari ndogo: huchanganya chumvi maalumu na maji yaliyosafishwa, huyazungusha kwa pampu yaende kama mkondo, huyapasha hadi yafikie joto la bahari za kitropiki, kisha huweka humo samaki, matumbawe na mawe yaliyotoka miambani. Ufugaji huu, ambao una wapenzi wengi Marekani na Ulaya, hutegemea kwa sehemu kubwa viumbe wanaovuliwa katika bahari za joto, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza nje samaki hao wa mapambo. Kiumbe anapohamishwa kutoka mwambani hadi sebuleni huwaacha nyuma maadui zake, lakini haziachi silaha alizojaliwa dhidi yao. Na kwa kuwa ndani ya kioo adui hayupo, anayekutana na silaha hizo ni mkono wa mfugaji, hasa siku ya kufanya usafi.

Silaha zilizo rahisi kueleweka ni zile zinazokata na kuuma. Kangaja, anayependwa na wafugaji kwa rangi zake, ana wembe mfupi wa mfupa kila upande wa shina la mkia, ambao huweza kuchana kidole kwa pigo moja. Naye mkunga, ambaye macho yake ni hafifu na hutegemea zaidi kunusa, huweza kukidhania kidole chenye harufu ya chakula kuwa ndicho chakula chenyewe. Majeraha ya namna hii huhitaji kuoshwa vizuri kwa maji safi na sabuni, na lililo kubwa au lenye kina humhitaji daktari, kwa kuwa maji ya tangi yamejaa bakteria.

Silaha za kundi la pili ni miiba yenye sumu. Mfano wake maarufu ni samaki-simba, mwenye mistari myekundu na myeupe na mapezi yaliyotanda kama manyoya, ambaye ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, 2 kwenye mapezi ya tumboni na 3 kwenye pezi la chini karibu na mkia. Samaki huyu hairushi sumu yake. Tishu zinazoitengeneza zimelala katika mifereji ya mwiba chini ya ngozi nyembamba, na mwiba unapochoma, ngozi hiyo hurudi nyuma, sumu ikaingia jerahani. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako samaki-simba ni mwenyeji, anaijua silaha ya namna hiyo kwa chafi, ambaye pia huitwa tasi, na kwa taa mwenye mwiba mkiani. Samaki-simba anapochoma huleta maumivu makali, uvimbe na pengine kichefuchefu, ingawa ni nadra kuua. Samaki-jiwe, ambaye ni wa jamii ya karibu, ana sumu kali zaidi, kiasi kwamba Australia imekuwa ikitengeneza dawa maalumu ya kuipinga tangu mwaka 1959.

Huduma ya kwanza kwa majeraha ya miiba hiyo ni joto. Sehemu iliyochomwa hutumbukizwa katika maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi kwa dakika 30 hadi 90, kwa sababu sumu hizo zimeundwa kwa protini ambazo hupoteza nguvu zinapopashwa. Maji hayo hupimwa kwa mkono mzima na si kwa mkono uliochomwa, kwa kuwa mkono wenye maumivu hauwezi kutofautisha joto linalotibu na joto linalounguza. Baada ya hapo mgonjwa hupelekwa kituo cha afya ili ichunguzwe kama kuna vipande vya mwiba vilivyobaki ndani, na apewe chanjo ya pepopunda ikiwa imepitwa na muda. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni haupaswi kung'olewa nje ya hospitali, kwa kuwa huenda ndio unaoziba mshipa uliotoboka.

Joto hilohilo linalomwokoa aliyechomwa na samaki-simba huweza kumwangamiza anayeshughulika na kundi la tatu, ambalo halina mwiba wala jino. Hao ni zoantidi, jamaa wa matumbawe wanaofanana na vifungo vidogo vya rangi vilivyopangwa juu ya jiwe, na baadhi yao, hasa wa jenasi ya Palythoa, wana sumu iitwayo palitoksini. Wenyeji wa kisiwa cha Maui huko Hawaii walikijua kiumbe hicho kwa jina la limu-make-o-Hana, yaani mwani wa mauti wa Hana, na kwa mujibu wa simulizi zao mikuki iliyopakwa utomvu wake iliua. Mwaka 1971 wanakemia Richard Moore na Paul Scheuer wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitangaza kwamba wameitenga sumu yenyewe. Uwezo wake unatokana na jinsi inavyoingilia pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo ni kama mlango wa zamu katika ukuta wa kila seli: pampu hiyo hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, lakini palitoksini huuacha mlango wazi, chumvi hizo zikapita bila mpango, na misuli, ukiwemo wa moyo, ikavurugika.

Ajali nyingi zinazosababishwa na sumu hii huanza kwa nia njema. Zoantidi huja wakiwa wamejishikiza kwenye mawe, huzaliana haraka na huweza kuwasonga matumbawe wengine, ndipo mfugaji anapoamua kuwaondoa kwa kulichemsha jiwe, kulimwagia maji ya moto au kulisugua kwa brashi. Palitoksini haiharibiwi kwa kuchemshwa kama protini za samaki-simba. Badala yake hupaa pamoja na mvuke au matone madogo na kuvutwa na kila aliyemo ndani ya nyumba. Katika jimbo la Alaska, wataalamu wa afya waliripoti watu 10 walioshukiwa kudhurika kwa njia hii kati ya mwaka 2012 na 2014, majumbani na madukani. Na mwezi Machi 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, watu 10 walipelekwa hospitalini baada ya matumbawe kuondolewa kwenye tangi, 4 kati yao wakiwa wazima moto walioitikia wito. Dalili zake ni ladha chungu ya chuma mdomoni, kikohozi, homa, kutetemeka na maumivu ya misuli, na anayezipata hutakiwa kutoka nje mara moja na kutafuta matibabu. Kinga yake ni kuliacha jiwe majini wakati wa kulishughulikia, kuvaa glavu na miwani ya kukinga macho, na kutolichemsha kamwe.

Hatari ya nne haionekani kwa macho, nayo pia ina habari yake na joto. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ambaye ni wa jamii moja na bakteria wa kifua kikuu, aligunduliwa mwaka 1926 katika samaki waliokufa huko Philadelphia. Yeye hustawi vyema kwenye nyuzi 30 hivi, wakati mwili wa binadamu una nyuzi 37, na kwa sababu hiyo anapoingia kupitia mkwaruzo mara nyingi hukaa kwenye ngozi ya vidole na mikono, ambako kuna ubaridi zaidi, akizua vinundu visivyopona ambavyo hujitokeza wiki kadhaa baadaye na pengine hupanda mkono hatua kwa hatua. Tiba huchukua miezi ya dawa za antibayotiki, na kipimo cha maabara kinachooteshwa kwenye joto la kawaida la mwili huweza kumkosa kabisa.

Hata bila viumbe, tangi lenyewe lina uzito na umeme wake. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo, hivyo tangi la lita 400 huilemea sakafu kwa zaidi ya kilo 400; na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, kwa hiyo hita iliyopasuka humfanya anayetia mkono majini kuwa njia ya umeme. Ndiyo maana nyaya huachwa zining'inie chini ya soketi ili matone yasitiririke hadi kwenye plagi, na mkono hauingizwi tangini kabla vifaa vyote havijazimwa.

Katika hatari hizi hakuna kanuni moja inayofaa zote, kwa kuwa maji ya moto ni dawa ya mwiba, ni kichocheo cha ajali kwa zoantidi, na kwa bakteria wa vidoleni si tiba ya kutegemewa. Mvuvi wa pwani hulindwa na kulijua jina la samaki kabla hajamtoa wavuni, na mfugaji anapaswa kuwa na ujuzi huohuo kuhusu kila kilichomo ndani ya kioo chake, kikiwemo kile ambacho hakukinunua bali kilikuja juu ya jiwe. Ujuzi huo pia haupaswi kubaki nyumbani: homa ya palitoksini hufanana na mafua makali na vinundu vya Mycobacterium hufanana na maradhi mengine ya ngozi, hivyo daktari asiyeambiwa kwamba mgonjwa wake ana tangi la maji ya chumvi hana sababu ya kuyafikiria.