Usione Vyaelea: Sura ya Jenerali Iliyotungwa London

Picha ya uongo haikuanza na simu. Septemba 1775, miezi michache tu baada ya George Washington kukabidhiwa jeshi la Wamarekani walioasi utawala wa Uingereza, picha yake ilichapishwa London. Chini yake paliandikwa kwamba imetokana na mchoro uliochorwa mbele ya Washington mwenyewe na Alexander Campbell wa Williamsburg, Virginia.

Picha za namna hiyo zilitoka kwenye bamba la shaba. Fundi alilikwaruza bamba zima kwa chombo chenye meno. Lau lingepakwa wino hapo, karatasi ingetoka nyeusi tupu. Kisha alikwangua na kulainisha palipotakiwa mwanga, kama paji la uso na vifungo vya koti. Palipolainika hapakushika wino, pakatoka peupe. Bamba moja lilitoa nakala nyingi, na kabla ya kamera, watu wengi walizijua sura za wakubwa wa mbali kwa njia hiyo.

Picha iliyochorwa Washington akiwepo kweli ilikuweko. Mwaka 1772 Charles Willson Peale alimchora kwa rangi, amevaa sare ya kanali wa Virginia. Lakini hiyo ilikuwa nyumbani kwake Mount Vernon, na watu wa London walitaka kumwona huyo muasi wanayemsikia.

Nakala ya London ikaja kumfikia mwenyewe. Januari 1776 alimwandikia Joseph Reed, aliyekuwa katibu wake, kwamba kwa anavyojua hajapata kumwona huyo Campbell. Akatania kuwa bwana huyo amemtia vitisho vya kutosha usoni.

Tazama basi uongo ulipokaa. Ufundi wa bamba ulikuwa wa kweli. Kilichowahadaa wanunuzi ni maneno ya chini ya picha.

Ndivyo tunavyohadaika kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Picha ya mtu inatumwa, chini imeandikwa "mwizi wa watoto", na kabla ya Magharibi imeshazunguka mtaa mzima. Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha tuhakikishe habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kabla hujaituma, uliza: imepigwa wapi, lini, na maneno hayo kayaandika nani?

Washington alicheka, akaandika barua. Jirani yako anayesingiziwa huenda asipewe hata nafasi ya kusema.