Je, Wajua? Vyakula Vyetu Vinavyomdhuru Mbwa

Je, wajua kwamba pumba tunazompikia mbwa zinaweza kuwa na sumu nyingi kuliko unga tunaosongea ugali wetu? Kwenye maboma mengi ya Tarime na Serengeti, mbwa mlinzi wa ng'ombe analishwa ugali wa pumba, na siku njema unatiwa dagaa. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Sumu hiyo hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, sehemu zilezile ambazo mashine ya kukoboa huzitoa kama pumba, na moto wa jikoni hauimalizi. Kinachoumia ni ini. Mbwa hususia chakula, hutapika, kisha macho na fizi hugeuka njano na tumbo hujaa maji.

Mwaka 1981 huko Machakos, Kenya, njiwa walitangulia kufa, wakafuata mbwa, kisha ikawa zamu ya watu: kati ya wagonjwa 20 waliolazwa hospitalini, 12 walifariki. Kwetu Tanzania, mwaka 2016, sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mbwa wawili watatu wa kitongoji kimoja wakigeuka njano msimu mmoja, msiishie kuwafukia. Fungueni ghala siku hiyohiyo mkayakague mahindi, maana watoto wanakula kutoka gunia lilelile.

Je, wajua kuhusu muhogo mchungu? Wazee wa Tarime wanaukumbuka ukame wa 1985, pale watu waliokula muhogo usioandaliwa vya kutosha walipolemaa miguu ghafla kwa ugonjwa wa konzo. Mbwa naye hasalimiki. Mtafiti wa Nigeria, B. P. Kamalu, alichapisha mwaka 1993 matokeo ya kulisha mbwa wadogo chakula cha muhogo, na viungo vyao vya ndani vilionyesha madhara. Maganda mabichi ya muhogo yasitupwe mahali mbwa anapozoea kuokota.

Kahawa ya arabika ya milima ya Tarime nayo ina hatari yake. Gramu moja ya buni ina takriban miligramu 12 za kafeini. Mbwa wa kilo 10 akitafuna gramu 20 tu zilizoanikwa uani, atahangaika, atatapika, na moyo utamwenda mbio. Akila mara tatu ya hapo, degedege inaweza kumpata.

Vitunguu vinadanganya zaidi, viwe vibichi au vya kwenye mchuzi. Viwili vya wastani vinatosha kumdhuru mbwa wa kilo 15, kwa sababu huvunja chembe nyekundu za damu. Lakini leo mbwa anaonekana mzima, na mkojo wa rangi ya kahawia unaweza kuja baada ya siku kadhaa, mwenye mbwa akiwa ameshasahau alichokula. Ukwaju je? Mwaka 2022 madaktari wa wanyama wa Marekani waliripoti mbwa walioharibika figo baada ya kuula. Wanashuku asidi ileile iliyomo kwenye zabibu, ambazo nazo humdhuru mbwa. Machicha ya pombe na unga wa maandazi uliotiwa hamira humlewesha, na unga huo huendelea kuumuka tumboni.

Sasa kakila, ufanyeje? Mwondolee kilichobaki, lakini usikitupe. Angalia ni kitu gani, kiasi gani kimepungua na saa ngapi, kisha mpigie daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata kabla dalili hazijaanza. Daktari anaweza kumtapisha, na mara nyingi hilo husaidia ndani ya saa mbili za kwanza. Wewe usijaribu kwa maji ya chumvi, maana chumvi yenyewe inaweza kumuua. Usimmiminie maziwa wala mafuta kwa nguvu: mbwa aliyelegea huyavuta mapafuni. Majivu ya jikoni hayana kazi ya mkaa maalumu wa dawa anaoutumia daktari.

Na hapa kwetu kuna tahadhari ambayo vitabu vya ughaibuni huitaja kwa nadra. Mbwa anayetokwa na mate, kutetemeka na kuyumba huenda amekula sumu, na huenda ana kichaa cha mbwa. Wilayani Serengeti watafiti wamekuwa wakifuatilia ugonjwa huo nyumba kwa nyumba tangu 2002, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Usimtie mkono mdomoni ili kutoa alichomeza. Mfungie mahali tulivu, watoto wakae mbali. Akishamuuma au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kila mmoja nyumbani anaapa kwamba mbwa alikula vitunguu tu.