Mrithi wa Pembe: Sayansi ya Kukarabati Kasha la Kompyuta

Plastiki haikuzaliwa Tabora, lakini historia yake ina mguu mmoja katika mji huo. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara iliyounganisha Ujiji na Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mabegani pembe za ndovu zilizouzwa Unguja na hatimaye kuchongwa, katika viwanda vya Ulaya na Marekani, kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Pembe zilipozidi kuwa ghali, kampuni moja ya New York iliahidi, katika miaka ya 1860, zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kuchukua nafasi yake. John Wesley Hyatt alichanganya nitroselulosi na kafuri, na mwaka 1870 akapata hataza ya seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza kuuzwa duniani.

Plastiki zilizofuata zimefika hadi kwenye kasha la kompyuta. Kasha hilo, ambalo wengi huliita CPU kwa mazoea, kwa kawaida huwa na kiunzi cha chuma, ilhali uso wake wa mbele, yaani paneli, mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS. Plastiki hii huunganisha viambato vitatu: akrilonitrili huipa uwezo wa kustahimili kemikali, stairini huipa ugumu na mng'ao, na butadini huunda aina ya mpira unaotawanyika ndani yake kama chembe zinazozuia nyufa zisienee. Udhaifu wake umo katika mpira huo, kwa kuwa miali ya urujuanimno ya jua, ikisaidiana na oksijeni, huuharibu, na uso wa plastiki huwa wa manjano na kuvunjika upesi. Tabora, iliyo mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari na nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, hupata miali hiyo kwa wingi, hivyo kasha lililowekwa dirishani huzeeka mapema.

Tiba huanza kwa kuitambua plastiki yenyewe. Herufi ABS aghalabu huchapwa upande wa ndani. Zikikosekana, kipande kidogo hutumbukizwa majini, kwani ABS huzama wakati polipropilini, plastiki nyingine ya kawaida, huelea. Kwa kuwa zipo plastiki nyingine zinazozama, tone la asetoni, ambayo ni kiyeyushi, hujaribiwa mahali pasipoonekana: ABS hulainika na kunata, lakini polipropilini haidhuriki.

Ufa hutobolewa tundu dogo kwenye ncha yake, ili nguvu iliyolundikana katika nukta moja isambae kuzunguka tundu na ufa usiendelee. Kisha vipande vya ABS huyeyushwa katika asetoni mpaka viwe kama uji mzito, unaopakwa kwa upande wa ndani. Asetoni hulegeza minyororo ya molekuli katika kingo zote mbili, minyororo hiyo hupenyana, na asetoni inapokwisha kuvukiza hubaki mwili mmoja. Kazi hii ni ya kuchomelea zaidi kuliko kugandisha kwa gundi. Mvuke wa asetoni hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo kazi hufanywa penye hewa, mbali na jiko la mkaa, baada ya vifaa vya umeme kuondolewa.

Baada ya siku moja au zaidi hufuata msasa, neno ambalo pia ni jina la mti ambao majani yake yanayokwaruza yalitumiwa kusugulia mbao. Fundi huanza na msasa namba 240, kisha 400, kisha 600 wenye maji, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia. Paneli huoshwa kwa sabuni, kwa sababu mafuta au nta huzuia rangi kushika. Rangi ya msingi na ya juu hupulizwa kwa tabaka nyembamba, kwani tabaka nene hunasa kiyeyushi na kuvimba malengelenge, na vanishi inayokinga urujuanimno humalizia kazi.

Gharama ya pembe ililipwa mwanzoni, kwa uhai wa tembo na jasho la mpagazi. Gharama ya plastiki hulipwa mwishoni, na ardhi inayopokea kitu kisichooza. Kila paneli inayokarabatiwa huiahirisha siku hiyo ya malipo.