Mwanga unaoonyesha saratani ya ini, na pale unapokomea

Kijana wa miaka 26 aliingia kliniki akiwa amemshika mkono baba yake, fundi seremala aliyekonda huku tumbo limejaa maji. Baada ya shikamoo na kunikabidhi majibu ya CT-Scan, alitoa simu yake. Kwenye video aliyonionyesha, wapasuaji walikuwa wamelizunguka ini lenye doa linalong'aa kijani.

"Daktari, wanasema huu mwanga unatibu saratani ya ini. Shamba limeshapata mnunuzi. Tuuze, tumpeleke baba?"

Swali kama hili nimeulizwa na familia zaidi ya moja, kwa hiyo leo nalijibu hapa. Mwanga huo ni wa kweli na unasaidia watu. Lakini kabla hujauza shamba, fahamu unafanya nini na usichoweza kufanya.

Jinsi unavyofanya kazi

Usiku zima taa, washa tochi ya simu, kisha iweke chini ya kidole. Kidole kitaonekana chekundu. Damu hunyonya sehemu kubwa ya mwanga, lakini mwanga mwekundu hupenya. Upo mwanga mwingine unaopakana na huo mwekundu, uitwao infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Huo hupenya nyama ya mwili vizuri zaidi, na ndio unaotumiwa na kamera hizi.

Mgonjwa huchomwa kwenye mshipa dawa ya rangi ya kijani iitwayo indosayanini. Si dawa mpya, imetumika hospitalini tangu miaka ya 1950. Ini lenye afya huichuja kutoka kwenye damu na kuitoa kupitia nyongo. Chembe za saratani iliyoanzia kwenye ini mara nyingi huipokea lakini hushindwa kuitoa. Siku chache baadaye, ini likimulikwa kwa infraredi, sehemu nzima inakuwa imefifia na uvimbe unang'aa.

Jambo hili lilianza kuonekana karibu kwa bahati. Nchini Japani wagonjwa walikuwa wakipewa rangi hiyo kabla ya upasuaji ili kupima kama ini lina nguvu ya kutosha. Wapasuaji walipotazama kwa kamera ya infraredi, waliona vivimbe vinang'aa. Walichapisha matokeo yao mwaka 2009, na sasa njia hii inatumika katika hospitali kubwa za nchi nyingi.

Faida yake ni kwamba mpasuaji anaweza kuona uvimbe mdogo ambao jicho na kidole vingeukosa. Pia anaona mpaka wa sehemu ya kukata, hivyo anaondoa saratani na kumwachia mgonjwa ini la kutosha kuishi nalo.

Mipaka yake

Kwanza, mwanga huu hauzami sana. Uvimbe uliojificha zaidi ya sentimita moja hivi ndani ya ini hauonekani, na hapo mpasuaji hurudi kwenye altrasaundi. Pili, ini lenye makovu huwa na vinundu visivyo saratani ambavyo navyo hung'aa. Tatu, na hili ndilo lililopotea kwenye ile video, mwanga huo unaonyesha tu. Kinachotibu ni kisu. Mgonjwa ambaye hawezi kufanyiwa upasuaji hawezi kuponywa na kamera.

Vipi kuhusu mwanga unaotibu wenyewe? Upo pia. Leza inaweza kupitishwa kwenye uzi mwembamba ndani ya sindano hadi katikati ya uvimbe mdogo na kuuchoma kwa joto. Zipo pia dawa zinazoamshwa kwa mwanga ili ziue chembe za saratani. Aina moja imetumika kwa saratani ya mirija ya nyongo, na mgonjwa hulazimika kukaa mbali na jua kwa muda baada ya tiba. Nyingine iliidhinishwa Japani mwaka 2020, lakini kwa saratani za kichwa na shingo, si ya ini.

Ukiangalia vizuri, zote zinahitaji mwanga ufikishwe kwenye uvimbe wenyewe. Kwa hiyo mtu akikuuzia taa ya kuweka juu ya tumbo ili itibu ini, usimpe hela yako.

Nilichomjibu kijana

Saratani ya baba ilikuwa imeingia kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na ini lenyewe lilikuwa limechoka. Upasuaji haungemsaidia, uwe na mwanga au usiwe nao. Nilimwambia baba mwenyewe, kwa sababu ugonjwa ni wake. Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mwanawe: "Shamba liacheni. Mama yenu atakula nini?"

Tulimpa dawa za maumivu, tukamtoa maji tumboni, tukapanga jinsi ya kumhudumia akiwa nyumbani. Hiyo nayo ni tiba, na haihitaji kuuza shamba.

Kisha nikamuuliza kijana: "Na wewe umepima?" Baba alikuwa na homa ya ini aina B, ambayo ni chanzo kikubwa cha saratani hii kwetu. Kijana alizaliwa kabla ya mwaka 2002, chanjo yake ilipoingizwa kwenye ratiba ya watoto Tanzania. Alipima, akakutwa na virusi. Altrasaundi yake ilikuwa safi. Sasa yuko kwenye ufuatiliaji, na mama na wadogo zake wamepimwa.

Ufanye nini?

Pima homa ya ini aina B, hasa kama kuna mwenye ugonjwa wa ini katika familia. Ni kipimo cha damu. Usipokuwa nayo, pata chanjo. Ukiwa nayo, daktari ataamua kama unahitaji dawa, na kama unahitaji altrasaundi kila baada ya miezi 6. Usisubiri maumivu. Saratani ya ini ikianza kuuma, mara nyingi imeshakua.

Mama mjamzito, pima kliniki. Mtoto wa mama mwenye virusi anahitaji chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kisha amalize chanjo za wiki ya 6, 10 na 14.

Mahindi na karanga vikauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa. Vilivyoota ukungu visiliwe, kwa sababu sumukuvu nayo huleta saratani ya ini.

Na ukiambiwa kuna tiba mpya ya mwanga, muulize daktari maswali matatu: Inaonyesha au inatibu? Uvimbe wangu una ukubwa gani na uko wapi? Ini langu lina nguvu ya kustahimili? Kama mgonjwa ana mzio wa madini joto, amweleze mapema, kwa kuwa rangi ile ina madini hayo.

Majibu ya maswali hayo yapate kwanza. Habari za shamba zijadiliwe baadaye.