MFANYAKAZI WA UGENINI NA AFYA YA AKILI YAKE
Tafakari ya kichungaji kutoka ukanda wa dhahabu

Ugeni wa watu wanaofuata madini si jambo jipya katika nchi ya Usukuma. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, iliwaleta Shinyanga watu kutoka mbali. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, walifika mafundi kutoka ng'ambo, pamoja na Watanzania wa Kilimanjaro, Mbeya na kwingineko. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi akili ya mtu wa namna hii inavyochoka, na jinsi mchungaji na mwajiri wanavyoweza kuilinda.

Tuanze na usingizi, maana ndio unaotangulia kuharibika. Migodini watu hufanya kazi kwa zamu za saa 12, mara mchana, mara usiku. Mwili nao una saa yake ifuatayo mwanga wa jua, wala haubadiliki kwa sababu ratiba imebadilika. Anayelazimika kulala mchana, katika joto na kelele, hulala nusu. Usingizi ukipungua kwa muda mrefu, hasira huwa karibu, moyo huzama, na wengine huanza kuutafuta usingizi huo katika pombe. Mgeni wa nchi nyingine huongezewa upweke wa lugha: mama yake akifariki, habari huja kwa simu, na jirani hawajui hata jinsi ya kumpa pole. Mwenzake Mtanzania hubeba mzigo mwingine, kwa kuwa nyumbani ndugu huamini kwamba afanyaye kazi dhahabuni anayo dhahabu.

Januari 2017, shimo lilipoporomoka Nyarugusu, wilayani Geita, watu 15 walinaswa chini ya ardhi: Watanzania 14 na Mchina mmoja. Baada ya siku tatu hivi waliokolewa wote wakiwa hai. Tulimshukuru Mungu, na ilikuwa haki. Lakini mtu akisha kutolewa shimoni, shimo lenyewe halimtoki mara moja. Ndoto za kutisha, kushtuka kwa kishindo kidogo, kuogopa giza, hayo yaweza kuanza wiki au miezi baadaye, wakati waandishi wa habari wamekwisha kuondoka. Mwenyeji huwa na ukoo wa kumsikiliza. Asiye na lugha atamsimulia nani?

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka iliyopita aliletwa kwetu fundi mmoja aliyekuwa halali, akitetemeka mikono na kuwakasirikia watu bila sababu. Tulimwombea juma zima dhidi ya mapepo. Hatukumwuliza anafanya kazi gani. Alikuwa akichoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki katika chumba kisicho na dirisha. Mvuke wa zebaki hushambulia mishipa ya fahamu, nao huleta mtetemo, kukosa usingizi, usahaulifu na ukali wa tabia. Maombi hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa kuchelewa kumpeleka hospitali.

Katika 1 Wafalme 19 twasoma kwamba Elia, alipomkimbia Yezebeli, alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani peke yake, akaomba kufa. Mungu hakuanza na hotuba wala karipio. Malaika alimwamsha ale, akalala tena, akamwamsha mara ya pili. Ndipo ikaja safari ya Horebu, na huko swali liliulizwa mara mbili, na jibu likasikilizwa mara mbili ingawa lilikuwa lilelile. Ndipo akapewa kazi, na Elisha wa kuwa naye. Wachungaji wengi huugeuza utaratibu huu juu chini: twaanza na kazi na mahubiri, chakula na usingizi twavisahau.

Kwa mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka alinde afya ya mfanyakazi, ingawa wengi huisoma kana kwamba ni sheria ya kofia ngumu na viatu tu. Ulinzi wa akili ni pamoja na zamu zisizobadilishwa ghafla, ruhusa ya kwenda kuzika bila kubembeleza, na mshauri ambaye habari alizoambiwa hazifiki kwa meneja. Pasipo siri hiyo, hakuna atakayesema neno, kwa hofu ya mkataba wake. Mchungaji naye hufungwa na siri. Lakini akisikia mtu akinena habari za kujiua, asimwache peke yake usiku ule, wala asingoje Jumapili ndipo ampeleke kwa tabibu.

Na kwa sharika zilizo jirani na migodi: ibada ya saa nne haimfai atokaye zamu saa kumi na mbili asubuhi. Twapendekeza ibada fupi ya saa moja asubuhi, na uji baada yake, kisha wamwache aende akalale.