Vita huisha, ardhi iliyoyeyuka je?

"MWALIMU, na hao watarejea lini kwao?"

Swali hilo liliulizwa na mwanafunzi wangu wa jiografia hapa Makamba, nilipokuwa nikieleza habari za kijiji cha Newtok, magharibi mwa Alaska, nchini Marekani. Mimi nilivuka mpaka mwaka 1993 nikiwa na miaka 11, nikasomea kambini mkoani Kigoma, nikarejea Burundi mwaka 2008. Uzito wa swali lile naujua.

Watu wa Newtok hawakukimbia bunduki. Ni Wayupik, wenyeji wa asili wa huko, wavuvi na wawindaji. Ardhi yao chini huwa imeganda mwaka mzima, na ndiyo iliyobeba nyumba zao. Joto la dunia lilipopanda, ardhi hiyo ikaanza kuyeyuka na kulegea, nyumba zikainama, na mto Ninglick ukawa unamega kingo mwaka hadi mwaka. Dhoruba za Bahari ya Bering nazo zikazidisha madhara, kwani barafu ya baharini iliyokuwa ikizuia mawimbi siku hizi huchelewa kuganda.

Kwa nini kaskazini ya mbali iumie zaidi? Barafu nyeupe hurudisha mwanga wa jua angani, kama bati jipya linavyoumiza macho mchana. Ikiyeyuka, hubaki bahari yenye rangi nzito inayonyonya joto, na joto hilo huyeyusha barafu nyingine. Ndiyo maana tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia.

Wanakijiji waliamua kuhamia Mertarvik, ng'ambo ya mto, umbali wa kilomita 14 hivi. Bunge la Marekani liliidhinisha wabadilishane ardhi na serikali mwaka 2003, lakini familia za kwanza zilihamia Oktoba 2019, na za mwisho mwaka 2024. Hata katika nchi tajiri, watu walisubiri zaidi ya miaka 15 huku mto ukisogelea milango yao.

Wenzangu wafanyabiashara wa mpakani msidhani hayo ni ya mbali. Barafu ya nchi kavu ya Greenland ikiyeyuka, maji yake huongeza kina cha bahari, hadi Dar es Salaam tunakochukulia mizigo.

Niliporejea mwaka 2008 nilikuta shamba la baba linalimwa na wengine. Tuligombana, tukaitwa kwa wazee, tukagawana. Iliniuma, lakini shamba lilikuwepo, na mwembe wa bibi ulikuwepo.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba hao hawatarejea. Wamehama pamoja na majirani zao, hiyo ni heri. Lakini pale walipozaliwa pamekuwa tope na maji, na hakuna mzee awezaye kuwaamulia kesi hiyo.