Mama, Mto Wetu Unaweza Kupona



Siku ya kupima watoto, wamama wanaotoka upande wa Mongbwalu wanatuuliza: "Munganga, mimi nachemsha maji ya muto kila siku. Si inatosha?" Kuchemsha ni vizuri, usiache. Moto unaua wadudu wanaoleta kuhara. Lakini zebaki, ile wachimbaji wanaita merkiri, si mdudu. Moto wa sufuria hauisafishi katika maji.

Inatoka wapi? Dhahabu ya Kilo ilijulikana mwaka 1903, na watu wanachimba mpaka leo. Mchimbaji anaosha mchanga, anatia zebaki ili ishike dhahabu, kisha anaichoma. Moshi unaruka na baadaye unashuka na mvua. Nyingine inamwagika mtoni na kukaa katika matope. Humo inageuka sumu inayoingia katika samaki, na samaki mkubwa anayekula wenzake ndiye anayekusanya nyingi. Mama mwenye mimba akimla huyo mara kwa mara, sumu inapita kwa mtoto tumboni na kudhuru ubongo wake, hata kama mama mwenyewe hasikii kitu.

Je, mto wa namna hii unaweza kutengenezwa? Ndiyo, lakini uchafu ukome kwanza. Kupangusa nyumba wakati paa linavuja ni kazi bure.

Maji ya kuoshea mchanga yasirudi mtoni moja kwa moja. Yaingie katika shimo, matope yatulie, yapite shimo la pili, ndipo yatumiwe tena kuosha. Mashimo ya zamani yajazwe: mawe na mchanga chini, udongo mweusi juu, maana bila huo hakuna kitu kitakachoota. (Na mashimo yale yanazaa mbu wa malaria, kwa hiyo utafaidi mara mbili.) Ukingoni mpande matete na mianzi. Msilime karibu na maji, hata kama udongo ule unavutia kwa mihogo. Mizizi inashika udongo mvua ikinyesha, maji yanaanza kung'aa, na samaki wanapata tena mahali pa kutaga mayai.

Zebaki iliyokwisha kuzama ni jambo gumu zaidi. Kuchokora matope ovyo kunaiamsha. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga sumu hii baharini, na ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Kazi ya kutoa matope na kuyafungia ilianza 1977 ikaisha 1990, na samaki walitangazwa kuwa salama mwaka 1997 tu. Na Japani ni nchi tajiri! Kwetu, afadhali zebaki isifike mtoni kabisa. Anayeichoma atumie chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kurudisha mvuke uwe zebaki tena. Hapo hata yeye anapata faida, maana ataitumia mara nyingine.

Wakati mto unapona, chota maji ya kunywa kwenye chemchemi iliyojengwa. Kula samaki wadogo na maharagwe. Zebaki isichomwe jikoni kwako wala katika sufuria yako, na nguo za machimbo zifuliwe mbali na nepi za mtoto.

Kama una mimba na bwana wako anafanya kazi hii, utuambie siku ya kliniki. Hatutamshitaki mtu.